Tafuta Nyumbani: Mwongozo wa Raha Ndogo ya Kuuelewa Wimbo

Mlete mgeni asiyejua bao barazani, umsimamishe nyuma ya wachezaji wawili. Ataona mashimo 32, kete 64 na mikono inayokwenda mbio, kisha atasikia watazamaji wakiguna kwa pamoja bila yeye kujua wamegunia nini. Mfundishe mambo matatu tu: kete husambazwa vipi, mtaji ni nini, na kwa nini mchezaji hulinda nyumba yake. Akirudi kesho atakuta ubao uleule na wazee walewale, lakini naye ataguna. Raha aliyoipata ni ndogo, haikumgharimu senti, na haichakai, maana kila atakapopita barazani ataikuta inamsubiri. Muziki una raha ya jinsi hiyohiyo, na wengi wetu tunaipita kila siku. Tunausikia muziki kwenye daladala, kanisani, kwenye maulidi, harusini na kwenye simu, tunautingishia kichwa, lakini hatujui kwa nini mahali fulani wimbo unatushika na mahali pengine unatuachia. Mwongozo huu unakupa mambo manne ya msingi ya kujifunza, moja baada ya jingine, na sababu ya kuamini kwamba unayaweza.

Sababu yenyewe ni kwamba misingi ya muziki ni majina ya vitu ambavyo sikio lako limekwisha kuvijua. Mwimbaji wa kwaya akipotoka kidogo tu, waumini ambao hawajawahi kuona karatasi ya nota hugeuza shingo. Wanaume na wanawake wakiimba wimbo mmoja, wanawake huimba juu na wanaume chini, na hakuna anayelalamika kwamba zinaimbwa nyimbo mbili. Umbali huo wa juu na chini huitwa oktavu, na unapimika. Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa bila kubonyezwa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Ubonyeze kwenye freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya urefu wake, nao utatetemeka mara 220, yaani mara mbili kamili. Sikio linapoamua kwamba sauti hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, limefanya hesabu ya mara mbili bila kumwomba ruhusa mwenye kichwa. Basi anayejifunza nadharia ya muziki yumo katika hali ya mtoto anayezungumza Kiswahili fasaha tangu utotoni, kisha siku moja darasani akaambiwa kwamba kile anachokitumia siku zote kinaitwa kitenzi.

Wapo wanaohofu kwamba kuuchambua wimbo ni kuumaliza utamu, kama ua linalonyofolewa petali ili lihesabiwe. Hofu hii ina jibu katika ushairi wetu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu mizani 16 za mshororo wa shairi, na kuutenga ukwapi na utao kwa kina cha kati, hapotezi shairi. Anaanza kusikia alichokuwa hasikii: pale malenga alipolikata neno kwa inkisari, au alipolirefusha kwa mazida, ili mizani itimie na maana isivunjike. Hapo ndipo heshima kwa fundi huzaliwa, kwa sababu sasa msikilizaji anajua njia ilikuwa nyembamba kiasi gani. Kinachoua utamu ni kufundishwa kanuni bila kusikilizishwa kitu, na kosa hilo ni la ufundishaji. Dawa yake ni kuanza na nyimbo unazozijua kwa moyo, na kukiacha kitabu cha nota kingoje.

Kwanza: tafuta nyumbani

Chukua wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule unaoimbwa kabla keki haijakatwa. Lahani yake ilichapishwa mwaka 1893 na dada wawili wa Kentucky, Marekani, Mildred na Patty Hill, ikiwa salamu ya asubuhi kwa watoto wa chekechea. Uimbe polepole, kisha nyamaza ghafla mwishoni mwa mstari wa kwanza. Utajihisi kama mtu aliyeinua mguu kupanda ngazi akazuiwa hewani. Endelea hadi mwisho wa mstari wa pili, unyamaze tena. Mara hii mguu umetua. Tofauti hiyo ndiyo somo la kwanza, nalo ni kubwa kuliko yote yanayofuata: wimbo una sauti moja iliyo nyumbani, na sauti nyingine zote husikika kwa umbali wake na nyumba hiyo. Sauti ya nyumbani huitwa do. Mstari wa kwanza uliishia ti, jirani anayepakana ukuta na do, ndiyo maana ulikuwa na kiu ya kuvuka. Mstari wa pili uliishia do yenyewe. Wa tatu, unaobeba jina la mwenye sherehe, unaruka oktavu nzima kwa pigo moja, na hapo ndipo kundi zima hupasuka sauti na baadhi wakaamua kuwa wao wataimba chini. Wa nne unawarudisha wote nyumbani.

Majina hayo yametoka mbali. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyapata mengi yake kwenye silabi za mwanzo za vipande vya wimbo wa kanisa wa Kilatini. Ya kwanza ilikuwa ut, ikaja kubadilishwa kuwa do. Katika karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyatumia kuwafundisha watoto kuimba, na mchungaji John Curwen akaiboresha njia hiyo na kuieneza kwa jina la tonik-solfa. Wamisionari wakaja nayo Afrika, na waliopokea hawakubaki kuwa wanafunzi. Enoch Sontonga, mwalimu na mwongoza kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 lahani ambayo leo Watanzania wanaiimba kama Mungu Ibariki Afrika, na aliiandika kwa herufi hizohizo. Ukiazima karatasi ya kwaya yoyote inayotumia tonik-solfa utaziona: d, r, m, f, s, l, t, zimetengwa kwa nukta pacha na vistari. Kwa hiyo penye kwaya pana shule, na mwalimu wa kwaya akiombwa maelezo ya dakika kumi baada ya mazoezi ni nadra akatae.

Zoezi la wiki ya kwanza ni hili. Kila wimbo unapokwisha redioni, guna sauti moja tu, ile ambayo unahisi ungeweza kulala juu yake. Katika nyimbo nyingi itakuwa do, na mara nyingi ni ile ambayo besi imeishia. Usijali inaitwa nani kwenye kinanda. Do haina makazi ya kudumu: mwongoza kwaya akiona wimbo unawapanda waimbaji kooni huishusha do, na wimbo mzima hushuka nayo ukabaki uleule. Waimbaji wakisema wamebadilisha ufunguo, wanachosema ni kwamba nyumba imehamishwa na samani zote zimepangwa vilevile.

Pili: hesabu mizani ya wimbo

Shairi lina mizani, na wimbo pia una mizani yake, ila zinahesabiwa tofauti. Mizani ya shairi ni silabi. Ya wimbo ni muda, yaani mapigo. Silabi moja yaweza kukalia mapigo mawili, na pigo moja laweza kubebeshwa silabi nne, kama wafanyavyo watu wa rap. Anza kwa mguu, maana mguu hauna aibu. Uache ugonge, kisha sikiliza ni pigo lipi zito kuliko wenzake. Ukilipata, liite moja na uhesabu mpaka uzito urudi. Katika nyimbo nyingi za dansi na Bongo Fleva utafika nne. Katika wimbo wa siku ya kuzaliwa utafika tatu, na utagundua jambo la kuchekesha: silabi mbili za kwanza huja kabla ya pigo zito, kama mtu anayepiga hodi kabla hajaingia. Watu wanapoanza wimbo huo kwa kuvurugana kila mwaka, sababu mojawapo ni hiyo hodi. Kila mmoja anapiga ya kwake.

Ukishazoea tatu na nne, nenda pwani. Chakacha huenda kwa sita, na sita ina tabia ambayo nne haina: hugawanyika kwa njia mbili zenye haki sawa. Hesabu moja hadi sita bila kusita. Gonga mguu kwenye moja na nne. Umepata mawili makubwa. Sasa endelea kuhesabu na mguu wako, lakini piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Umepata matatu ndani ya muda uleule. Mwanzoni mguu na mikono vitagombana kama wake wenza. Usiongeze kasi, rudi polepole, na baada ya muda ugomvi utaisha ghafla, vyote viwili viende pamoja bila wewe kusimamia. Dakika hiyo ndiyo raha ambayo mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Kuanzia hapo, ukisikia ngoma za pwani zinavutana, utajua kwamba mmoja ameshika mawili na mwingine ameshika matatu, na kiuno cha mchezaji kinachagua wa kumfuata.

Tatu: panda ngazi

Fungua programu yoyote ya kinanda kwenye simu. Zipo za bure. Kutoka do moja hadi do ya juu yake kuna nusu-hatua 12, ukihesabu vibonyezo vyote vyeupe na vyeusi. Wimbo wa kawaida hautumii sauti zote hizo. Huchagua saba na kuziruka nyingine, na mpango wa kuruka ndio unaoipa ngazi sura yake. Katika ngazi kubwa, hatua zote ni nzima isipokuwa mbili: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ambako ni nusu. Ndiyo maana ti ilikuwa na kiu ile. Kinanda chenyewe kinakuonyesha mahali hapo, kwa sababu kati ya vibonyezo vyeupe viwili vya nusu-hatua hakuna cheusi. Anza kwenye kile cheupe kilicho kushoto mara tu kabla ya kundi la vyeusi viwili, upande vyeupe vinane mfululizo, na umepiga ngazi kubwa.

Sasa ishushe mi kwa nusu-hatua. Mabadiliko hayo madogo hubadili hali ya hewa ya chumba kizima, na ndiyo alama kuu ya ngazi ndogo. Huna haja ya kutafuta mifano mbali, kwa maana majirani wawili wametupa. Wimbo wa taifa wa Tanzania uko katika ngazi kubwa. Wa Kenya, Ee Mungu Nguvu Yetu, uliotayarishwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, uko katika ngazi ndogo. Zisikilize zikifuatana kabla ya mechi ya timu za nchi hizo mbili, na utasikia tofauti ambayo siku zote uliihisi bila kuipa jina. Hapa ujihadhari na kanuni ya haraka inayosema kwamba ngazi kubwa ni furaha na ndogo ni huzuni. Wakenya hawaimbi wimbo wao kama watu walioko matangani, na mama wa Kipokomo alikuwa akimlaza mtoto, hakuwa akilia. Ngazi hutoa rangi. Furaha au huzuni huamuliwa pia na mwendo, maneno na mwimbaji.

Nne: sikiliza besi

Sauti tatu zikipigwa pamoja huitwa kodi, na hizi hazipelekwi mamlaka ya mapato. Do, mi na so ni kodi ya nyumbani. Fa, la na do ni kodi ya ugenini palipo karibu. So, ti na re ni kodi ya hamu, kwa sababu imembeba ti ndani yake na inataka kurudi. Zihesabu sauti zilizomo katika kodi hizo tatu, utakuta zote saba za ngazi zimo. Ndiyo sababu mpiga gitaa anayejua kodi tatu tu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kanisa, za watoto na za dansi bila kukwama: sauti yoyote mwimbaji atakayoigusa ina kodi inayoifahamu. Rudi kwenye keki. Mstari wa kwanza unatoka nyumbani kwenda kwenye hamu, wa pili unatoka kwenye hamu kurudi nyumbani, na jina la mwenye sherehe linapomalizika tunakuwa ugenini, kwenye fa. Wimbo huo ambao tumeuona ni wa kitoto una safari kamili.

Namna ya kuzisikia kodi bila kushika ala ni kulifuata gitaa la besi na kuwasahau wengine wote kwa dakika tatu. Besi ikituama, uko nyumbani. Ikihama, kodi imehama. Rumba ya Kongo ni mwalimu mzuri hapa, hasa sebene inapoanza: kodi chache huzungushwa tena na tena, gitaa la solo likifuma juu yake. Asiyejua husema wanarudia jambo lilelile. Anayejua anasikia kwamba kuzunguka kwa kodi ni sakafu, na kwamba sakafu isipotulia hakuna wa kucheza.

Je, haya si ya Wazungu?

Hili ndilo pingamizi zito, na sehemu yake ni kweli. Ngazi ya nusu-hatua 12 si sheria ya ulimwengu. Ni ngazi moja kati ya nyingi. Lakini kutoka hapo kusema kwamba nadharia si yetu ni kuruka shimo bila kutazama upana wake. Neno taarabu lenyewe, kutoka tarab ya Kiarabu, linataja hali ya mtu kuguswa na muziki hadi akatikisika, na taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, imerithi nadharia ya maqamu. Maqamu ni mpango wa sauti na wa namna ya kuzipitia, na baadhi yake yana sauti zinazokaa katikati ya nusu-hatua za kinanda. Udi unazifikia kwa sababu hauna freti. Kanuni, ile ala ya nyuzi, inazifikia kwa vishikizo vidogo vya kukaza na kulegeza nyuzi. Wasomaji wa Kurani wanaojifunza kupamba sauti huyajua maqamu hayo kwa majina, Rasti, Bayati na Hijazi, na Hijazi hutambulika upesi kwa ile hatua yake moja pana kati ya sauti ya pili na ya tatu. Hiyo ni nadharia, na imeingia pwani yetu bila kupitia London.

Bara nako hakukukosa. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12, na huigawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa, kwa hiyo hakuna kinanda kitakacholingana nayo. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja hupiga mfululizo wake, mwingine hupenyeza wake katika nafasi zilizobaki, na wa tatu hudokoa mbao mbili za juu kabisa kila lahani ya jumla inapogusa sauti fulani za chini. Msikilizaji husikia lahani ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Imezaliwa kati yao. Watu waliobuni mpango huo na kuurithisha kwa vizazi walikuwa na nadharia, ila hawakuiweka kwenye karatasi. Kwa hiyo jifunze do na re kama ngazi ya kwanza ya kushika, kisha uzitumie kupima ni wapi muziki wa kwenu unatoka nje yake. Anayeijua ngazi moja vizuri ndiye anayesikia kwamba nyingine ni tofauti. Asiyejua yoyote husema tu kwamba zeze limelegea.

Kiasi, muda na adabu

Linabaki pingamizi la mtu aliyechoka: umri umekwenda, kipaji sina, na maarifa haya hayatanilipia kodi ile nyingine. Kipaji kinahitajika kwa anayetaka kupanda jukwaani. Msikilizaji anahitaji sikio linalogutuka mwimbaji anapopotoka, na tayari unalo. Kuhusu faida, ni kweli hakuna atakayekuajiri kwa kuijua sebene. Lakini starehe nyingi tunazolipia huisha pale pesa inapoishia, ilhali hii hulipiwa mara moja, kwa muda kidogo, kisha hukaa katika kila wimbo utakaousikia maisha yako yote. Kwa kipimo chochote cha sokoni hiyo ni bei nzuri.

Nenda jambo moja kwa wiki, dakika kumi kwa siku, na usiliache mpaka likujie lenyewe ukiwa unaosha vyombo au umesimama kituoni. Wiki ya kwanza nyumbani, ya pili mapigo, ya tatu ngazi, ya nne besi. Ukikwama, rudi kwenye wimbo unaoujua zaidi. Usikimbilie wimbo mgumu ili ujipime. Ukimaliza wiki nne unaweza kuishia hapo bila deni, kwani aliyeelewa kuotea na penalti hutazama mpira kwa raha bila kusomea urefa. Na adabu moja ni muhimu: maarifa haya ni ya kutajirisha masikio yako, si ya kuwakatiza watu harusini uwaeleze kodi wanayoichezea. Waache wacheze, nawe cheza nao.

Leo jioni chagua wimbo mmoja unaoupenda. Usikilize hadi mwisho, zima simu, kisha guna ile sauti moja ambayo ungeweza kulala juu yake. Hiyo ndiyo do. Umefika nyumbani, mengine yote ni kumjua jirani.